Koti la London kwa Fundi wa Kakuma

Mtu ambaye hajafika Lodwar hushangaa akiambiwa kwamba koti la ngozi ni mali inayotoka haraka huko. Joto la mchana hupita nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na ikifika saa nane hata kivuli huwa na moto wake. Lakini simama kwenye steji ya bodaboda kabla jua halijachomoza, uwatazame vijana wanaojiandaa kupeleka abiria Kalokol au Lokichar. Kila mmoja amevaa koti zito, amefunga zipu hadi shingoni. Barabara za Turkana zina upepo unaobeba mchanga, malori ya Juba hurusha changarawe, na pikipiki ikishika kasi alfajiri ubaridi hupenya mpaka kwenye mbavu. Ngozi huzuia upepo kuliko nailoni, na mtu akianguka kwenye lami, hukwaruzika koti kabla hajakwaruzika yeye.

Kazi yangu ni kutafuta makoti hayo. Nimekulia kwenye vibanda vya mitumba, na sasa naishi kwa kuchambua yale machache ambayo kuna mtu London au Osaka anayatafuta usiku na mchana. Makoti ya ngozi ya Uingereza ndiyo ninayoyajua zaidi, hasa yale ya waendesha pikipiki wa miaka ya 1950 na 1960. Kwa hiyo fundi mmoja wa Kakuma aliponitumia picha ya lebo iliyoandikwa D. Lewis, pamoja na anwani ya Great Portland Street, sikusubiri picha ya pili. Nilipanda basi la Kitale.

Jina hilo lina historia ndefu. Duka la D. Lewis lilianza London mwaka 1892. Liliwavisha madereva wa magari ya kwanza na marubani, kisha likageukia vijana wa pikipiki. Mwaka 1956 likatoa koti liitwalo Bronx, fupi, lililobana kiunoni, lenye zipu ya mshazari kifuani. Hayo ndiyo makoti waliyovaa wale vijana waliokusanyika Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, wakishindana na pikipiki za Triumph, BSA na Norton. Magazeti ya Uingereza ya 1964 yaliwafanya kuwa tishio la taifa baada ya ugomvi wao na vijana wengine kwenye fukwe za Margate na Brighton. Baadaye kampuni ikajulikana kwa jina la Lewis Leathers, na bado ipo London. Wajapani ndio waliolipenda koti hilo kupita wote. Wapo wanaoweza kukuambia umri wake kwa kutazama meno ya zipu peke yake. Koti la asili la miaka ile, likiwa na lebo yake, huuzwa kwa mamia ya pauni.

Koti kama hilo lilifikaje Kakuma? Njia yake naijua kwa sababu ndiyo njia ya mali yote ninayoshika. Mtu Uingereza anafariki au anahama nyumba, nguo zake zinawekwa kwenye sanduku la msaada, sanduku linafika kiwandani, nguo zinachambuliwa na kufungwa kwenye beli za kilo 45, beli zinapakiwa kwenye kontena, na kontena linashushwa Mombasa. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo hizi. Beli hufunguliwa kwenye soko la Gikomba, Nairobi, mbele ya watu ambao wameamka saa tisa usiku kwa ajili ya dakika tano za kwanza. Wanaochagua mwanzo huchukua kamera, yaani zile safi zisizo na doa. Wanaofuata huchukua zilizobaki. Mwisho kabisa ni fagia, rundo la mia moja au hamsini kwa kipande. Kutoka Gikomba mali huenda Eldoret, huchaguliwa tena. Huenda Kitale, huchaguliwa tena. Hufika Lodwar, huchaguliwa tena. Kakuma ni mwisho wa mnyororo huo. Kinachofika pale kimekataliwa na macho mengi.

Macho hayo, hata hivyo, hutafuta usafi. Koti lililochanika bitana, lenye zipu isiyopanda na ngozi iliyokauka, mchuuzi wa Gikomba hulitupa kwenye fagia bila kuligeuza. Mara nyingi koti lenye umri mkubwa ndilo lililochoka kuliko yote. Ndiyo maana mtu wa kazi yangu lazima afuate fagia mpaka inakoishia.

Barabara kutoka Kitale hupitia Kapenguria, ikashuka hadi kwenye mlango wa milima pale Marich, halafu nchi hufunguka mara moja na kijani hubaki nyuma. Kainuk, kisha Lokichar, mji uliovamiwa na wageni baada ya mafuta kupatikana mwaka 2012. Zamani safari hii ilikuwa ya mashimo na hofu ya majambazi. Sasa lami ni nzuri kwa sehemu kubwa, na nilifika Lodwar nikiwa na nguvu ya kuzunguka mji kabla jua halijawa kali.

Lodwar ulianza kama kituo cha biashara kwenye kingo za mto Turkwel, ukawa makao ya utawala wa Waingereza, na katika sensa ya 2019 ulikuwa na watu karibu 83,000. Juu ya kilima kimoja imesimama sanamu kubwa ya Yesu, mikono imenyooshwa juu ya mapaa ya mabati. Mimi huwa nakwenda kwanza kwenye nyumba ndogo ambayo wenyeji huiita nyumba ya Kenyatta. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, akafungwa Lokitaung, kaskazini zaidi, pamoja na Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba. Achieng Oneko, aliyeshtakiwa pamoja nao, alishinda rufaa yake lakini hakuachiliwa. Aprili 1959 kifungo cha Kenyatta kilipokwisha, hawakumrudisha kwao. Walimleta hapa Lodwar aishi chini ya amri ya kutotoka, katika wilaya ambayo mgeni hakuingia bila kibali. Mama Ngina aliruhusiwa kuja kuishi naye. Aprili 1961 alihamishiwa Maralal, kwenye baridi ya nyanda za juu, akazungumza na waandishi wa habari wa dunia nzima. Katika picha za mwaka huo amevaa koti la ngozi.

Picha hizo nimezitazama mara nyingi kuliko mtu wa kawaida, kwa sababu ya kazi. Koti limemkaa vizuri mabegani, na sidhani lilikuwa jambo la bahati. Watawala walikuwa wameeneza habari kwamba ni mzee aliyedhoofika na kuharibika huko jangwani. Akajitokeza amenyooka, ndani ya vazi la mtu mwenye safari mbele yake. Nguo inaweza kusema jambo ambalo mdomo umekatazwa, na ndiyo sababu siwezi kuikubali ile kauli kwamba biashara ya nguo kuukuu ni biashara ya takataka.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Matatu ilijaa: walimu, mfanyakazi wa hospitali, mama wa Kisomali mwenye mifuko ya vikombe vya plastiki, na wazee wawili wa Kiturkana walioshika ekicholong zao mapajani, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kichwa. Nje kulikuwa na migunga, mbuzi na makorongo makavu ambayo mvua ikinyesha milimani huwa mito yenye kuua.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, walipofika wale wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Waganda, na Wasudani Kusini tena na tena. Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei kwa pamoja yana watu zaidi ya laki mbili. Mtu anayekuja akitegemea kukuta foleni za mgao tu atashangazwa na masoko. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka. Mimi sikuhitaji hesabu hiyo. Ilitosha kupita kwenye mtaa wa Waethiopia, nikinusa buni ikikaangwa, kisha kwa Wasomali wenye maduka ya jumla, kisha kwenye vichochoro vya Wakongo ambako cherehani hazinyamazi.

Fundi wangu ametoka Uvira, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Kibanda chake kimejengwa kwa mabati na turubai, na ndani kuna cherehani moja ya kukanyaga, pasi ya makaa, na vitenge vilivyokunjwa kwa unadhifu wa duka la nguo. Aliponiona alisimama, akanipa kiti chake, akamtuma mtoto alete soda.

“Karibu, mama. Umetoka mbali.”

“Asante, fundi. Nimekuja kuliona.”

Alilitoa kwenye mfuko wa mchele, akaliweka juu ya meza ya kukatia kwa mikono miwili. Nililiangalia kwanza bila kuligusa. Jeusi, lililofifia kuwa kahawia kwenye viwiko na mabegani, ngozi nene ya ng'ombe. Kola yenye vifungo vya kubana. Mfuko wenye umbo la nusu mwezi upande wa kushoto. Zipu za chuma, na kwenye kichwa cha mojawapo neno Lightning, jina la zipu zilizotengenezwa Birmingham. Nililigeuza. Hapo ndipo moyo wangu ulipopiga kwa nguvu, kwani ndani hapakuwa na bitana nyekundu yenye mishono ya mraba niliyoitarajia. Palikuwa na kitenge cha buluu na njano, kilichoshonwa kwa ustadi wa hali ya juu, na juu yake, mahali pake hasa chini ya kola, lebo ya D. Lewis.

Alikuwa amelinunua kwenye fagia kwa shilingi mia mbili na hamsini. Bitana ilikuwa imeoza kwapani na mgongoni, ikimeguka vidoleni. Aliifumua mshono kwa mshono, akaitandika juu ya kitenge na kukata kwa kuifuata, halafu akashona bitana mpya akipitisha sindano kwenye matundu yale yale ya zamani, ili ngozi isitobolewe upya. Zipu ya mbele ilikuwa haipandi. Wengi wangeing'oa na kuweka ya Kichina. Yeye alibana kichwa chake kwa koleo, akaipaka nta ya mshumaa, ikapanda.

“Kwa nini hukuitoa?” nilimuuliza.

“Ile zipu iko na jina, mama. Kitu chenye jina hakitupwi. Na hii lebo pia. Nilijua kuna mtu huko anaijua.”

“Na bitana ya zamani?”

Akainama chini ya cherehani, akatoa mfuko mwingine. Alikuwa ameitunza yote, hata vipande vilivyomeguka.

Katika soko la makoti haya ya kale kuna sheria isiyoandikwa: kila kilichobadilishwa hupunguza bei. Zipu ikibadilishwa, bei hushuka. Bitana ikibadilishwa, hushuka zaidi. Mnunuzi hulipia uasili, maana yake mikono iliyoligusa koti Uingereza mwaka 1960 ina thamani, na mikono iliyolishika baadaye ni hasara. Nimeifuata sheria hiyo kwa muda mrefu nikiamini ina mantiki yake. Pale kibandani, nikiwa nimelishika koti ambalo lingekuwa majivu kama huyu mtu asingejua kazi, niliona kwamba sheria hiyo haijui kutofautisha kati ya kuharibu na kuokoa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Katika biashara yetu, anayejua bei ya mwisho huinyamazia. Mchuuzi wa Gikomba hamwambii wa Kitale, na mnunuzi wa Nairobi anayemuuzia Mjapani hamwambii mtu yeyote. Faida yote imekaa kwenye huo ukimya. Na mtu wa Kakuma ndiye amefungiwa nje kuliko wote, kwa sababu hata akijua hawezi kwenda. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua milango fulani ya kazi na biashara, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika wa kuunganisha kambi na wenyeji. Lakini mkimbizi anayetaka kutoka Kakuma kwenda Nairobi bado huomba kibali cha kusafiri, na laini ya simu, akaunti ya benki na usajili wa biashara kila kimoja kina mlango wake wa vitambulisho. Fundi huyu anaweza kushona kuliko wengi ninaowajua mjini Nairobi. Hawezi kupanda basi na kifurushi chake akaenda posta ya mji mkuu.

Kwa hiyo nilimtajia bei. Nilimwambia koti kama hili, likiwa na bitana yake, lingeuzwa kwa kiasi gani London. Likiwa hivi lilivyo, kiasi gani. Nauli ya kulituma, ada za malipo, na ninachotaka mimi. Alisikiliza bila kubadilisha uso. Kisha akaomba karatasi, akaandika tarakimu zote kwa mpangilio, akazijumlisha mwenyewe. Tukapatana: koti ni lake hadi litakapouzwa, mimi ni dalali, na theluthi mbili ya kitakachobaki baada ya gharama ni yake. Akaongeza sharti moja. Katika maelezo ya kuuzia, iandikwe kwamba bitana imeshonwa Kakuma.

“Usiifiche, mama. Mimi sikuiba. Mimi nilitengeneza.”

Nilirudi Lodwar siku iliyofuata nikiwa nimelivaa, kwa sababu kulikunja kungeliumiza. Watu hawakunishangaa hata kidogo.

Nina mwenyeji wangu Kanamkemer, ng'ambo ya mji, ambaye nyanya yake husuka vikapu vya mikoma. Bibi huyo alikua wakati wanawake wa Kiturkana walivaa ngozi za mbuzi walizozitengeneza wenyewe: kuitandaza ngozi na kuikaza kwa vigingi, kuiparua nywele, kuifikicha kwa mafuta hadi ilainike, kisha kuipamba kwa shanga. Shuka za dukani zilipoenea, kazi hiyo ilibaki kwa wachache na kwa siku za sherehe. Nilimpa koti alishike. Hakutazama lebo wala zipu. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wa koti, akauvuta mkono, akanusa ndani ya kola, akasema maneno machache ambayo mjukuu wake alinitafsiria. Ng'ombe huyu alikuwa mzima na mnene. Waliokata wametumia mgongo, si tumbo. Hii ngozi ina kiu.

Wataalamu wa London huandika kurasa nyingi juu ya jinsi ya kupima ngozi ya makoti haya, na sehemu kubwa ya wanayoandika ni hayo aliyoyasema. Lilikuwa na kiu kweli. Alitaka kulipaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikamshukuru na kumwomba asilipake, kwa kuwa mnunuzi wa ng'ambo angekataa harufu. Akaona ni jambo la ajabu, kununua ngozi na kukataa mafuta yanayoiponya. Nafikiri alikuwa na haki. Usiku ule nililipaka nta ya kawaida ya ngozi, kidogo kidogo, na rangi nyeusi ikaanza kurudi.

Asubuhi, kwenye steji, mambo yakawa mengi. Dalali mmoja wa sokoni alilizunguka koti, akauliza limetoka wapi, na kabla sijamaliza kueleza akawa amepata wazo.

“Sema ni la Kenyatta. Alikuwa hapa hapa Lodwar. Nani atabisha?”

Alisema kwa nia njema, akiona ananisaidia. Lakini koti hili lilikatwa kwa kijana mwembamba, wakati Mzee alipoondoka hapa alikuwa amepita miaka sitini, tena mwenye kifua kipana. Hata kama lingekuwa saizi yake, nisingesema. Biashara ya vitu vya kale husimama kwenye ukweli wa maelezo peke yake. Ukiongeza uongo mmoja, hata kile cha kweli ulichosema hakina bei tena. Na nyumba ile ya Lodwar ni mahali ambapo mtu alinyimwa miaka ya maisha yake. Jina lake lisigeuzwe kuwa mapambo ya bei.

Kisha akaja mwendeshaji mmoja wa bodaboda mwenye Boxer nyekundu. Aliomba alijaribu, nikampa. Lilimkaa. Mikono ilifika pale inapopaswa kufika, kiuno kikashika, na alipoinama kama anashika usukani, mgongo haukupanda. Waliolikata koti hilo London walimkusudia mtu wa aina hii hasa, kijana juu ya pikipiki, mwenye kasi na barabara ndefu. Aliniambia atatoa elfu tatu na mia tano, na kwa Lodwar hiyo ni bei ya heshima, tena fedha za mtu anayelala na pikipiki ya mkopo. Nilisimama pale nikiwa sijui la kusema. Wa Osaka angeliweka kwenye kabati ya kioo. Huyu angelivaa kesho kwenda Lokichar.

Nikampigia fundi, kwa maana koti lilikuwa lake. Nikamweleza yote.

“Huyo kijana ana urefu gani?” akauliza.

Nikampa simu kijana mwenyewe. Walizungumza muda mrefu, juu ya mabega, mikono na kifua, fundi akiuliza na kijana akijipima kwa viganja. Mwisho wakaafikiana kwamba fundi atanunua makoti mawili ya fagia yaliyochanika, atayafumua, na kumshonea moja zima kwa mfano wa lile la London, kwa elfu tatu. Mfano alikuwa nao tayari: alipokuwa akishona bitana alichora kila kipande kwenye mifuko ya saruji, akaikunja na kuiweka.

Nairobi nililipiga picha nje na ndani, kwenye mwanga wa asubuhi. Niliandika maelezo kama tulivyopatana: mwaka wa kukadiriwa, zipu, lebo, kasoro kwenye kiwiko cha kulia, na kwamba bitana ya asili iliyooza imehifadhiwa na itatumwa pamoja na koti, ila iliyomo sasa imeshonwa Kakuma, Kenya, na fundi kutoka Uvira, kwa kufuata matundu ya awali. Mnunuzi wa kwanza, Mwingereza, alitaka nipunguze theluthi nzima kwa sababu ya kitenge. Nilimpelekea fundi ujumbe huo. Akajibu kwamba hapunguzi; kazi hiyo ilimchukua siku nyingi kuliko ilivyowachukua walioshona mwanzo. Nikamjibu Mwingereza kwa maneno hayo hayo. Hakurudi.

Wiki kadhaa zikapita, na nakiri nilianza kuwa na wasiwasi, maana mwaka huo mgao wa chakula ulikuwa umekatwa vibaya kambini na kila aliyekuwa na deni alikuwa akidaiwa. Hatimaye akaandika mwanamke mmoja wa Japani. Aliomba picha za mshono wa ndani, karibu zaidi, kisha karibu zaidi tena. Alitaka kuona sindano ilivyopita pale kwenye kona ya kwapa, mahali ambapo fundi hafifu hujulikana. Alilinunua kwa bei niliyoandika. Akauliza kama fundi huyo hupokea kazi nyingine.

Theluthi mbili zilifika Kakuma kupitia simu ya mtu anayeaminiwa, kwa vipande. Fundi alinitumia picha ya karatasi ile ya hesabu, tarakimu zote zimepigwa mstari. Chini yake alikuwa ameandika swali: ni lebo zipi nyingine niziangalie?

Nilimwandikia ninazozijua. Belstaff, walioanza mwaka 1924 huko Stoke-on-Trent na vitambaa vyao vilivyopakwa nta. Barbour wa South Shields. Irvin, makoti ya ngozi ya kondoo waliyovaa marubani wa vita, ambayo ni nadra sana na hughushiwa mno. Nikamwekea na picha za zipu, vifungo na namna ya kusoma anwani kwenye lebo ili kujua umri. Wapo wenzangu katika biashara waliosikia na kuniambia nimejikatia tawi nililokalia.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya koti la Belstaff, la nta, limepasuka mfukoni lakini lebo ni nzima. Safari hii hakuniuliza bei. Aliitaja mwenyewe, ameshatoa nauli na ada yangu, na kunipa hadi Ijumaa kujibu kwa sababu kuna mtu Eldoret naye analiulizia. Ada aliyonipangia ni ndogo kuliko niliyozoea. Nimempigia mara mbili tukijadiliana, na bado hajashuka.